Si kila mshindo ni “bang”

Siku ile somo lilikuwa msamiati wa Kiingereza, na mwalimu wetu alitaka tuelewe neno “bang” bila kulitafsiri. Alichukua rula ndefu ya mbao akaishusha juu ya meza kwa nguvu zake zote. Promosheni nzima ilishtuka, kisha ikaangua kicheko. Mtu mmoja hakucheka. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Kalembe, alikuwa tayari sakafuni, kichwa chini ya benchi na mikono juu ya kisogo. Alipoinuka alijifuta vumbi kwenye kitenge, akaomba ruhusa ya kutoka. Mwalimu, ambaye ni mtu mpole na sina ugomvi naye, aliandika ubaoni “bang: mlio mkubwa wa ghafla”, akaendelea na “clap”.

Naandika makala haya kwa sababu ya ule mstari wa ubaoni kuliko kwa sababu ya rula. Rula ni ajali. Mtu yeyote angeweza kukosea hivyo, na sote tulicheka. Mstari ule ndio unaorudiwa kila mwaka. Katika ukumbi ule hakuna aliyejua aina za milio ya ghafla kuliko yule aliyekuwa sakafuni, na somo likamwambia kwamba yote ni mlio mmoja, tofauti yake ni ukubwa tu. Maoni yangu ni kwamba kitivo chetu kinafundisha maneno haya kwa kupitia lugha isiyofaa na kuanzia mahali pasipofaa. Tunaanzia Kifaransa na kamusi. Tungepaswa kuanzia mikononi mwetu, na katika zile tanakali za sauti ambazo kila mmoja wetu alikuja nazo kutoka kwao bila kulipa ada.

Kwa wasiopajua, Kalembe iko pale ambapo wilaya za Masisi na Walikale zinakutana, Kivu ya Kaskazini. Nyumbani watu husema Kihunde, Kinyanga au Kinyarwanda. Sokoni na kanisani ni Kiswahili. Kifaransa kinaanza shuleni, na Kiingereza kinafika sekondari kama mgeni wa mwisho aliyekuta viti vimejaa. Wengi walilisikia jina la kijiji hiki kwa mara ya kwanza Oktoba 2024, kilipoingia katika habari za mapigano kati ya M23 na Wazalendo, wiki chache baada ya kusimamishwa kwa vita kulikokubaliwa Luanda kuanzia tarehe 4 Agosti. Nani alimpiga nani si kazi ya makala haya.

Ninachotaka kukumbusha ni kwamba masikio ya milima hiyo yalikuwa na kazi hata kabla ya bunduki. Utafiti wa satelaiti uliochapishwa mwaka 2016 ulipanga sehemu za dunia kwa wingi wa mimweko ya radi. Ziwa Maracaibo la Venezuela lilikuwa la kwanza. Kabare, Kivu ya Kusini, ilikuwa ya pili kwa mimweko kama 205 katika kila kilomita ya mraba kwa mwaka, na Sake, mlango wa Masisi, ikawa ya tano kwa mimweko kama 143. Mtoto anayekulia huko hujua, kabla hajajua kusoma, kwamba radi ya karibu hupasuka na ya mbali hunguruma, na kwamba kati ya mwanga na sauti kuna nafasi ya kuhesabu. Vita vikaongeza masomo mengine juu ya hilo.

Kwa Kiswahili chetu cha Kongo tunasema “masasi inalia”. Kitenzi “lia” ndicho hicho hicho cha kengele, cha simu na cha mtoto mwenye njaa, kwa hiyo ukikisikia peke yake hujapata habari nyingi. Lakini hakuna mtu wa Kalembe anayekitumia peke yake. Ataongeza: inalia ta-ta-ta-ta, au ka! moja tu, au puu ya mbali kama gunia linaloshushwa nyuma ya nyumba. Kitenzi kinabeba tukio. Habari yenyewe inabebwa na lile neno dogo la mwisho, pamoja na sauti ya msemaji na mara nyingi na mkono wake. Ukilikata neno hilo umekata ushahidi.

Sasa tazama njia ambayo “bang” ilipitia hadi ikawa “mlio mkubwa wa ghafla”. Silabusi zetu za Kiingereza zimeandikwa na watu waliojifunza Kiingereza kwa Kifaransa, kama sisi tunavyojifunza. Kifaransa kina kitenzi “claquer”, na hicho ni mtumishi wa kazi zote. Mlango uliofungwa kwa hasira, vidole vinavyoalishwa, meno yanayogongana kwa baridi, kiboko hewani: vyote vinapewa “claquer”. Kiingereza kimegawa kazi hiyo kwa vitenzi vinne: mlango ni “slam”, vidole ni “snap”, meno ni “chatter”, kiboko ni “crack”. Mwanafunzi anayepita Kifaransa anaandika maneno hayo manne katika daftari, mbele ya kila moja anaandika “claquer”, halafu mbele ya “claquer” anaandika “toa mlio”. Daftari limejaa, kichwa kimebaki na neno moja. Nimelitafuta daftari langu la sekondari nikalikuta hivyo hivyo, kwa mwandiko wangu mwenyewe, pamoja na alama nzuri aliyonipa mwalimu.

Wala Kiswahili si maskini wa vitenzi vya namna hii kiasi cha kukimbilia “toa mlio”. Tairi linapasuka, mtego unafyatuka, mafuta yanatatarika katika kikaango, ngoma inarindima, mgeni anagota mlango. Vidole vinaalika, ingawa “alika” hiyo tumeisahau kwa sababu ya ile ya harusi. Tumeviacha vipate kutu, kisha tunalalamika kwamba Kiingereza kina maneno mengi mno.

Ila tofauti kubwa haiko katika wingi. Iko katika mahali ambapo kila lugha huiweka sauti. Kiswahili huiweka nje ya kitenzi, mwishoni. Alianguka chubwi, alianguka tifu, alianguka tapwi, alianguka puu: kitenzi ni kile kile, na sikio linajua kama chini palikuwa na maji, mchanga, tope au sakafu ngumu. Clement Doke aliyapa maneno haya jina la ideofoni mwaka 1935 alipokuwa akitafuta istilahi za kuelezea lugha za Kibantu, kwa sababu hayakukaa vizuri katika masanduku ya sarufi ya Kizungu. Kenya wanayafundisha kama tanakali za sauti na kuyatahini. Kiingereza, kwa upande wake, huificha sauti ndani ya mzizi wa kitenzi. Aliyeanguka majini “splashed”, aliyeanguka sakafuni “thudded”. Ndiyo maana ukimpa mwanafunzi kamusi atafute “chubwi” anarudi mikono mitupu, au anarudi na maelezo marefu yasiyoingia katika sentensi. Anatafuta neno la kuweka mwishoni, kumbe lazima abadilishe kitenzi kizima. Hilo ndilo somo lenyewe, na linafundishika kwa nusu saa. Sijawahi kulisikia likifundishwa katika kozi yetu.

Ndani ya mizizi hiyo, tena, sauti hazikukaa ovyo. J. R. Firth aliandika kuhusu jambo hili mwaka 1930, jinsi vipande fulani vya sauti vinavyokusanya maneno ya maana zinazokaribiana. Chukua “clap, slap, tap, rap, snap, pop”. Yote yanaishia kwa p: midomo inafungwa, hewa inakatwa, mlio umekwisha. “Crack, smack, knock, click” yanakatwa nyuma zaidi, kwa k, na yana ukavu wa ukuni unaovunjika. “Thump” na “bump” yanapita kwanza kwenye m, na kweli ni mapigo mazito, butu, yasiyo na makali. “Crash, smash, splash” yanaacha hewa itoke mwishoni, na ndani yake unasikia vipande vikitawanyika baada ya pigo. Si sheria, “map” inaishia kwa p na ramani haipigi kelele. Lakini kwa mtu anayetaka kukumbuka maneno ishirini kabla ya mtihani, huu ni msaada mkubwa kuliko orodha ya alfabeti.

Hapo ndipo vinywa vyetu vinapotusaliti. Silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu, na tunasema “klapu”, “kraku”, “snapu”. Ile u ya mwisho inafungua kinywa pale hasa ambapo neno lilitaka kifungwe. Wengi wetu tunaliona hilo kama kosa dogo la lafudhi. Kwa maneno mengine ni dogo kweli. Kwa maneno haya, ughafla wote umo katika ile konsonanti ya mwisho, na ukiongeza irabu umemwaga maji uliyotumwa kuyachota.

Niligundua kwamba hatuko peke yetu katika kozi moja ya Kiingereza ya jioni, ambako jirani yangu wa benchi alikuwa Mchina aliyefanya kazi ya ujenzi wa barabara. Wachina si wageni Kivu. Wahandisi na madaktari wao wa kikosi cha Umoja wa Mataifa walikuwa Bukavu kwa miaka mingi. Jirani yangu naye hakuweza kulimaliza neno “clap”. Alisema kitu kama “kelapu”, nami nikasema “klapu”, mwalimu akatutazama sote wawili kama ndugu wa baba mmoja. Kichina sanifu hakikubali silabi kuishia kwa p, t wala k. Mwishoni huruhusu n, ng, na r kwa nadra. Alikuwa na mlango ule ule usiofungika.

Wakati wa mapumziko tulichukua karatasi, tukaanza kulinganisha, na kilichotokea kilinishangaza kuliko somo zima. Sisi tunapiga simu. Wao husema “da dianhua”, na “da” ni kupiga. Sisi tunapiga miayo na tunapiga chafya. Wao “da haqian” na “da penti”. Muuguzi hutupiga sindano. Kwao ni “da zhen”. Tunapiga ngoma, wanasema “da gu”. Radi inapiga, wanasema “da lei”. Mwingereza naye anapiga ngoma, sikatai, lakini miayo, chafya, simu na sindano kila kimoja amekipa kitenzi chake na kukifungia ndani. Na sauti za ghafla? Kitu kikianguka majini, Mchina anaongeza “putong” pembeni ya kitenzi, kama tunavyoongeza chubwi. Mlango ukijifunga kwa nguvu ni “peng”. Kofi likitua ni “pa”, na hapo tulicheka wote, maana mtoto wa Goma angesema vivyo hivyo.

Sina maana kwamba lugha hizi mbili ni ndugu. Nasema kwamba mtu anayezungumza Kichina na mtu anayezungumza Kiswahili wanafika kwenye kamusi ya Kiingereza wakitokea upande mmoja wa mto: wote wana kitenzi kikubwa cha kupiga, wote wanabeba sauti nje ya kitenzi, wote hawafungi silabi kwa p. Mfaransa anatokea upande mwingine. Kwa sura hii ya msamiati, kitabu kilichotungwa kwa ajili ya Mchina kingetufaa kuliko kilichotungwa kwa ajili ya Mfaransa, na bado sisi tunaazima cha Mfaransa kwa sababu tu ndicho kilichomo maktabani.

Kuhusu makofi wao wametuzidi kidogo, kwa kuwa hawatumii “da”. Kupiga makofi kwa kawaida ni “pai shou”, na makofi ya ukumbini, ya heshima, ni “gu zhang”. Kiingereza kina “clap” na “applaud” kwa namna hiyo hiyo. Sisi tunasema makofi kwa vyote, ila tumejitajirisha pembeni kwa vigelegele, vifijo na hoihoi, na huku Kongo mwongoza sherehe akiona ukumbi umelala anaomba “triple ban” na watu wanajua kuhesabu mapigo.

Katika mazoezi yangu ya ualimu niliwapa wanafunzi sentensi “Wakristo walimpigia mchungaji makofi”. Kijana mmoja, mwenye bidii, aliandika: “The Christians slapped the pastor.” Wenzake walimcheka. Mimi sikuona cha kucheka, kwa sababu alikuwa amefanya kazi kwa uaminifu. Kamusi ilimwambia kofi ni “slap”. Makofi, basi, ni kofi lililozidishwa. Alichopoteza ni i moja. “Walimpiga makofi” ni ugomvi; “walimpigia makofi” ni pongezi. Kitenzi chetu kinahamisha mtu kutoka kupigwa hadi kusherehekewa kwa irabu moja katikati ya neno, na Kiingereza kinafanya kazi hiyo kwa “for”, “they clapped for him”. Ukimwonyesha mwanafunzi kwamba ile i na ile “for” zinafanya kazi moja, hatarudia kosa hilo maisha yake yote. Ukimpa “clap: piga makofi” peke yake, umemtegea mtego na kuondoka.

Na Kiingereza kina mitego yake bila msaada wetu. “Clap him on the back” ni kumpiga rafiki mgongoni kwa furaha. “Give him a clap” ni kumpongeza, lakini “give him the clap” ni kumwambukiza kisonono. Nimewahi kusikia hiyo ya pili ikisemwa kwenye kipaza sauti, katika hafla ya kuaga walimu. Wawili tu ukumbini walielewa, na wote wawili walitazama viatu vyao.

Ndiyo maana nasema somo lianzie mikononi. Kiganja juu ya kiganja, “clap”. Kiganja juu ya shavu, “slap”, na si lazima shavu liwepo. Kiganja taratibu mgongoni mwa mtoto anayelala, “pat”. Ncha za vidole juu ya daftari, “tap”. Vifundo vya vidole juu ya mlango, ngo ngo ngo, “knock”, na vikiwa vikali na vya haraka, “rap”. Kidole gumba na cha kati, “snap”. Haihitaji umeme, projekta wala kitabu. Watu mia mbili katika ukumbi mmoja wanaweza kufanya hivyo kwa pamoja, kila mmoja akisema kwanza tanakali ya kwao, ya Kiswahili, Kihunde, Kinyanga, Kishi au Kinande, kisha neno la Kiingereza, bila Kifaransa kupita katikati. Kila mtu anajua mlio unatoka wapi na utatoka lini, kwa kuwa mkono ni wake. Hakuna atakayeingia chini ya benchi.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nishike kalamu. Wahitimu wa idara ya Kiingereza katika nchi hii hawaajiriwi kwa ajili ya Shakespeare. Wengi wanapata mkate kama wakalimani: wa mashirika ya misaada, wa waandishi wa habari, wa wachunguzi wa haki za binadamu, wa MONUSCO. Mimi mwenyewe nilifanya kazi hiyo kwa siku chache, kambini, kwa mgeni mmoja aliyekuwa akikusanya maelezo ya watu waliokimbia. Mzee mmoja kutoka pande za Kalembe alisimulia usiku wao wa mwisho nyumbani. Alisema: “Tulisikia ka! juu ya bati. Halafu, kama mtu anahesabu moja, tu! kule chini.” Mkono wake wa kulia ulipita juu ya kichwa chake kwenye “ka”, kisha ukaelekeza mbali kwenye “tu”. Mimi nikasema kwa Kiingereza: “They heard gunshots.”

Mgeni aliandika. Mzee alinitazama.

“Mwanangu, umeshasema yote?”

“Ndiyo, mzee.”

Alikuwa ametumia pumzi kumi, mimi nikatumia maneno matatu. Alinyamaza kwa heshima, akaendelea na habari nyingine.

Miezi baadaye, nikisoma jambo lingine kabisa, nilikutana na maelezo ya kile alichosema. Risasi ya Kalashnikov hutoka mtutuni kwa zaidi ya mita 700 kwa sekunde, na sauti husafiri karibu mita 340. Risasi inapokupita inaitangulia sauti ya bunduki yake. Kwanza unasikia mpasuko mkavu hewani, ambao ni wa risasi yenyewe. Baadaye unasikia pigo butu, ambalo ni la mtutu. Kiingereza cha kijeshi kinaviita hivyo hasa, “crack” na “thump”, na askari hufundishwa kuhesabu pengo kati ya viwili hivyo ili wakadirie umbali, na kusikiliza “thump” ili wajue upande. Pengo la hesabu ya moja lina maana kwamba mpigaji yuko mamia ya mita, si nyuma ya nyumba. Mzee alikuwa ametoa umbali na upande wa aliyepiga. Alitumia maneno mawili yenye herufi mbili mbili, na Kiingereza kilikuwa na maneno ya kuyapokea, yenye umbo lile lile: moja la k, kavu, moja la mp, zito. Mfasiri peke yake ndiye hakuwa nayo. Nilikuwa nimeyaona yote mawili sekondari, katika daftari, mbele ya “claquer” na “bruit”.

Najua nitajibiwa kwamba tanakali ni maneno ya watoto na ya wasimulizi, na kwamba chuo kikuu kinafundisha Kiingereza cha kitaaluma. Nimeambiwa hivyo tayari, tena na mhadhiri ninayemheshimu. Namkumbusha tu kazi kubwa kabisa ya fasihi iliyotoka katika misitu ya Walikale. Utendi wa Mwindo ulinakiliwa mwaka 1956 na Daniel Biebuyck kutoka kinywani mwa Shekarisi Rureke, na ukachapishwa kwa Kiingereza mwaka 1969 kwa ushirikiano na Kahombo Mateene. Rureke hakuusoma. Aliusimulia kwa siku 12 akiimba, akicheza na kuigiza, mdundo ukipigwa pembeni. Hakuna aliyemwambia apunguze sauti awe wa kitaaluma. Na kama Kiingereza cha kitaaluma ni cha kuripoti yaliyotokea, sijui ripoti gani ingeharibika kwa kusema “crack” badala ya “gunshots”.

Jibu la pili ni zito zaidi, na linatoka kwa wenzangu wa Masisi na Rutshuru: kwa nini tugeuze yale tuliyoyakimbia kuwa zoezi la msamiati? Hapa sina ujasiri wa kubishana. Nasema tu kwamba maneno hayo yamo tayari katika kozi, yanafundishwa kwa rula, na anayeumia haulizwi. Makofi yatangulie. “Bang”, “boom” na “crack” zije baadaye, kwa radi kwanza, maana radi ni yetu sote na haina upande. Asiitwe mtu ubaoni kwa sababu ya kijiji alichotoka. Atakayetaka kusema atasema, na akisema apewe muda wa kumaliza, kuliko ule niliompa yule mzee.

Mtihani nao ubadilike. Swali la “toa maana kwa Kifaransa” lifutwe. Tusomewe aya moja ya Kiswahili yenye tanakali tano, tuifasiri, na alama ziende kwa kitenzi. Na kama kuna mwenzetu Mhunde au Mnyanga anayetafuta mada ya kazi ya kumaliza masomo, ideofoni za lugha hizo mbili zinamsubiri. Wazee wanaozijua wako kambini, mwendo wa pikipiki kutoka hapa, na wana muda mwingi kuliko wangependa kuwa nao.

Mwenzetu wa Kalembe amesoma rasimu ya makala haya na kuniruhusu kusimulia habari ya rula. Alisahihisha jambo moja tu. Alisema rula ile haikutoa “bang”. Bang angegeuka tu kutazama dirishani. Rula ilitoa “crack”, na ndiyo maana alilala chini.